Nyumba ya Vyumba Sita: Historia Fupi ya Makazi ya Magomeni, Dar es Salaam

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, ni desturi njema kutazama nyuma kabla ya kuanza safari nyingine. Hesabu za akiba na mikopo zimekwisha kuelezwa katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha ukumbusho. Makala hii inaleta historia ya mtaa mmoja, Magomeni. Umechaguliwa kwa sababu maalum. Wengi wetu tunaweka akiba tukiwa na shabaha moja moyoni, nayo ni nyumba. Na katika historia ya Magomeni yaonekana wazi, kuliko mahali pengi, jinsi mtu wa kipato kidogo alivyojipatia nyumba mjini, ni nani aliokaa nao ndani yake, na jinsi nyumba hiyo ilivyoweza kumponyoka mwanawe baada ya yeye kufariki.

MJI KABLA YA MAGOMENI

Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870 kabla ya kuumaliza, na kwa miaka mingi mji ukadorora. Ulipata nguvu mpya Wajerumani walipoufanya makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, mahali pa Bagamoyo. Waingereza walipouteka mwaka 1916 waliukuta tayari umeanza kugawanywa, nao wakaukaza mgawanyo huo.

Sheria za ujenzi hazikutaja rangi ya mtu waziwazi, bali zilitaja aina ya nyumba. Sehemu moja ilikuwa ya nyumba za Kizungu, ya pili ya maduka na nyumba za biashara, na ya tatu ya nyumba za kienyeji. Lakini kila mtu alielewa maana yake. Ukawa na Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa na Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Mwafrika aliruhusiwa kujenga Kariakoo, lakini kiwanja alikikodi kwa muda mfupi tu. Hakuwa na hati ya miaka mingi ambayo angeweza kuiweka rehani. Zaidi ya hayo palikuwa na sheria iliyozuia kudai mahakamani deni la Mwafrika, ila pale lilipokuwa limekubaliwa kwa maandishi na idhini ya serikali. Sheria hiyo ilielezwa kuwa ni ya kumlinda. Matokeo yake ni kwamba hapana aliyetaka kumkopesha. Kwa hiyo aliyetaka nyumba alitegemea mshahara wake, jamaa zake na subira yake. Maneno haya yafaa kukumbukwa, kwani ndiyo yanayoeleza umbo la nyumba tutakayoitaja hivi punde.

KUZALIWA KWA MAGOMENI

Baada ya vita kwisha mwaka 1945, kazi za bandarini, reli, viwanda na maofisi ziliongezeka, na watu wakamiminika mjini. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1948 mji ulikuwa na watu wapatao 69,000. Hesabu ya mwaka 1957 iliwapata 128,742. Kwa muda wa miaka tisa tu mji ulikuwa karibu maradufu. Kariakoo ilijaa, na Ilala, iliyopimwa kabla ya vita, nayo ikajaa. Chumba kimoja kilipokea mtu na mkewe, watoto, na ndugu aliyeshuka jana kutoka bara akitafuta kazi.

Ndipo serikali ilipofungua sehemu mpya za makazi katika miaka ya 1950: Temeke upande wa kusini, na Magomeni na Kinondoni ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Magomeni ilikaa kando ya barabara ya Morogoro, mahali palipokuwa na mashamba na vijumba vilivyotawanyika. Wakati huo palihesabiwa kuwa nje ya mji. Mtu wa Kariakoo aliyehamia huko aliambiwa na wenziwe kwamba amekwenda shamba.

Makazi ya Magomeni yalikuwa ya namna mbili. Namna ya kwanza ni kota, yaani nyumba ndogo ndogo zilizojengwa na serikali na kupangishwa kwa wafanyakazi. Namna ya pili ni viwanja vilivyopimwa, ambavyo kila mwenye navyo alijijengea mwenyewe. Kota zilionekana nadhifu katika taarifa za wakubwa, lakini idadi yake haikuweza hata kidogo kulingana na haja ya mji. Wengi walipata pa kulala katika nyumba zilizojengwa na wananchi wenyewe.

NYUMBA YENYEWE

Nyumba hizo ziliitwa za Kiswahili, na ramani yake kila mkazi wa pwani aijua. Mbele pana baraza. Mlango wafungukia ukumbi mrefu uliopita katikati mpaka nyuma, na kila upande wa ukumbi pana vyumba vitatu. Nyuma pana ua, ambamo mna jiko, choo, bafu na mahali pa kuanikia nguo. Mwanzoni kuta zilikuwa za miti, fito na udongo, na paa la makuti. Kisha makuti yakabadilishwa kwa mabati au kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Udongo ukapigwa lipu, na mwisho ukaondolewa kabisa na tofali za saruji zikashika mahali pake.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja, na hapo ndipo ilipokuwa siri ya nyumba hiyo. Ilikuwa nyumba inayoweza kujengwa kidogo kidogo na kujilisha yenyewe. Tuchukue mfano. Karani au kuli wa bandarini apata kiwanja. Asimamisha miti, akandika, aezeka. Yeye na jamaa yake wachukua vyumba viwili, na vinne avipangisha. Kodi ya chumba kimoja yalipa ada ya kiwanja. Ya chumba cha pili yawekwa kwa matengenezo, maana kila masika udongo huomoka na makuti huoza. Ya vyumba viwili vilivyobaki yanunua bati moja baada ya jingine na mfuko wa saruji baada ya mwingine. Siku mwenye nyumba anapostaafu, au anapofukuzwa kazi, kodi ile ile ndiyo unga wa watoto wake.

Twaweza kusema basi kwamba nyumba ya vyumba sita ilikuwa benki ya mtu asiyeruhusiwa benki. Haikuhitaji rehani wala mdhamini. Aliyeikopesha alikuwa mpangaji, ambaye hakujua kwamba anakopesha, na aliyelipwa faida alikuwa mpangaji huyo huyo, kwani bila nyumba hiyo asingepata chumba kwa bei aliyoiweza.

WATU WA MAGOMENI

J. A. K. Leslie, afisa wa serikali ya kikoloni, aliuchunguza mji mwaka 1956 na kuendelea, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1963. Aliwakuta Wazaramo, wenyeji wa nchi jirani, kuwa wengi kuliko kabila lingine lolote. Lakini pamoja nao walikuwako Warufiji, Waluguru, Wandengereko, Wamatumbi, Wayao, Wangoni, Wanyamwezi na wengine, hata Wamanyema ambao wazee wao walitoka mashariki ya Kongo. Muhimu zaidi ni kwamba hawakukaa kila kabila na mtaa wake. Walichanganyika, mara nyingi chini ya paa moja.

Jambo hili halikutokana na amri ya mtu. Lilitokana na nyumba. Mwenye nyumba mwenye vyumba vinne vya kupangisha hakuweza kungoja apate watu wanne wa kwao. Alimpokea aliyekuja na kodi mkononi na adabu usoni. Hivyo Mzaramo akawa na mpangaji Mngoni chumba cha kulia na Mnyamwezi chumba cha kushoto, na wote wakatumia ua mmoja, kisima kimoja na choo kimoja. Utani wa makabila ulisaidia kupoza hasira ambazo zingeweza kuzaa ugomvi. Kiswahili kikawa lugha ya uani, kwa kuwa watoto waliocheza pamoja hawakuwa na lugha nyingine ya kuchezea. Mpangaji alipofiwa, jirani hawakuuliza kwao ni wapi. Vyama vya kuzikana vilitoa sanda na chakula cha matanga.

Yafaa pia kutaja akina mama. Ilikuwa vigumu kwa mwanamke wa zama hizo kupata kazi ya mshahara mjini. Lakini mwanamke aliyeuza vitumbua, maandazi au pombe, au aliyerithi sehemu yake, aliweza kujenga, na wako wengi waliokuwa wenye nyumba kwa haki yao wenyewe. Kodi ya vyumba iliwapa uhuru ambao ajira iliwanyima.

Basi si ajabu kwamba mitaa hii ilikuwa uwanja wa siasa. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwalimu Julius Nyerere aliacha ualimu wa Pugu mwaka 1955, na katika miaka ya kupigania Uhuru alikaa na jamaa yake Magomeni, katika nyumba ya mtaa wa Ifunda ambayo sasa ni makumbusho. Chama kilichotaka kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya mia moja kiliwakuta Magomeni watu waliokwisha kuzoea kugawana ua mmoja.

BAADA YA UHURU

Serikali ya Uhuru ililiona tatizo la nyumba mapema. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na kazi yake moja ya kwanza ilikuwa kuondoa vibanda vya udongo na kujenga nyumba za tofali mahali pake. Magomeni ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo. Mwenye kibanda alipewa nyumba mpya na kulipa polepole mpaka iwe yake, na baadhi ya nyumba hizo zilifuata ramani ile ile ya ukumbi na vyumba, ili mlipaji aweze kupangisha.

Nia ilikuwa njema, na nyumba zilikuwa bora. Lakini hesabu haikutimia. Kila nyumba mpya ilisimama juu ya kaburi la nyumba ya zamani, hivyo idadi ya vyumba mjini haikuongezeka sana, na huku watu wanaongezeka. Hesabu ya mwaka 1967 ilionyesha wakazi 272,821, zaidi ya maradufu ya wale wa mwaka 1957. Mpango wa kubomoa na kujenga uliachwa ilipofika mwisho wa miaka ya 1960.

Sheria nazo ziligeuka. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi usio na kikomo ulifutwa, ukageuzwa kuwa ukodishaji kutoka kwa Serikali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na katazo hilo lilidumu hadi Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Pigo hilo liliangukia zaidi majumba ya katikati ya mji na Upanga, ambayo mengi yalikuwa ya wananchi wenye asili ya Asia. Nyumba nyingi za Magomeni hazikufikia thamani hiyo. Kwa mara nyingine udogo wa nyumba ya vyumba sita ukawa kinga yake.

Mwaka 1972 ilitungwa sheria ya kuanzisha Benki ya Nyumba ya Tanzania. Wako waliofaidika nayo, lakini benki ilitaka hati, ramani iliyopitishwa na kipato cha kuonekana, na wajenzi wengi wa mjini hawakuwa na hata kimoja. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995. Katika miaka ya 1970 vilipimwa pia viwanja vya Sinza na Kijitonyama, na huko Mwenge wananchi walijenga kwa njia ya ushirika wa nyumba. Mfano huo wa Mwenge watupasa kuukumbuka zaidi kuliko mingine, kwa kuwa ulitoka katika njia hii hii tunayoishika sisi.

KIWANJA CHASHINDA NYUMBA

Tangu hapo mji umekua kupita makisio ya wazee. Hesabu ya mwaka 1988 iliwapata watu 1,360,850 katika mkoa wa Dar es Salaam; ya mwaka 2012 watu 4,364,541; na ya mwaka 2022 watu 5,383,728. Magomeni, iliyokuwa shamba, imejikuta karibu na kitovu cha mji. Mwezi Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kupita katika barabara ya Morogoro, na vituo vyake vikawa mlangoni mwa mitaa hii.

Manufaa hayo yalikuja na gharama. Zamani thamani ilikuwa katika nyumba, na kiwanja kilikuwa mahali pa kuisimamisha tu. Sasa mambo yamepinduka: mnunuzi anayeletwa na dalali mara nyingi hatazami vyumba wala bati, bali hupiga hatua kupima kiwanja, maana ataibomoa nyumba na kuinua ghorofa au maduka. Naye mpangaji, ambaye baba yake alilipa kodi mwezi kwa mwezi, mara nyingi hudaiwa ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Asiyeiweza huhamia pembezoni, Mbagala au Chanika, na kila asubuhi hulipa nauli ya kurudi mahali alipozaliwa.

Kwenye bonde la Msimbazi mambo yalikuwa mazito zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuharibu nyumba, na jamaa nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Kota za zamani nazo zilibomolewa karibu na wakati huo huo. Wakazi wake waliishi kwingine yapata miaka kumi kabla ya majengo mapya ya ghorofa, yenye makazi ya kaya 644, kufunguliwa rasmi mwezi Machi 2022.

NYUMBA YA URITHI

Tumefika sasa penye jambo lenyewe. Hatari kubwa ya nyumba ya Magomeni katika siku zetu si mvua, wala si Serikali, wala si mnunuzi mwenye fedha. Ni kifo cha aliyeijenga.

Mjenzi aliacha nyumba moja na warithi wengi: mjane, watoto wa kike na wa kiume, pengine wa akina mama wawili. Kwa miaka mingi hapana aliyekwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, kwa kuwa ilionekana ni kama kumharakisha marehemu. Mtoto mmoja abaki ndani na kupokea kodi. Wengine waona wanadhulumiwa. Hati, kama ipo, ingali na jina la aliyekwisha kuzikwa. Hatimaye dalali agonga mlango, na nyumba yauzwa, wakati mwingine kwa haraka na kwa bei ya chini kwa sababu ya ugomvi. Fedha zagawanywa kwa mafungu, na hapana fungu linalotosha kununua hata nusu ya kiwanja katika mtaa ule ule. Nyumba iliyowakusanya watu wa makabila kumi yashindwa kuwakusanya ndugu wa tumbo moja.

Sheria haikumwacha mjane bila ngao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mwenye ndoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka ridhaa hiyo katika rehani. Lakini ngao iliyotundikwa ukutani haimkingi mtu, lazima ishikwe. Tena mwaka 2008 ilitungwa sheria iwezeshayo watu kumiliki kila mmoja sehemu yake katika jengo moja. Maana yake ni kwamba warithi wanaweza kubaki na kiwanja chao, wakajenga juu badala ya kutawanyika, na kila mmoja akawa na hati yake.

FUNZO KWETU

Wazee wa Magomeni walijenga bila benki na bila hati kwa kutumia kanuni ambayo ushirika nao umejengwa juu yake: haba na haba hujaza kibaba. Walichokosa ni chombo cha kuilinda kazi yao baada yao. Chombo hicho sisi tunacho. Chama cha akiba na mikopo chaweza kumkopesha mrithi mmoja ili anunue mafungu ya wenzake kwa bei ya haki, na nyumba isitoke katika ukoo. Chaweza kuwaunganisha wenye viwanja wawili au watatu walio jirani, wakajenga pamoja. Na kabla ya mkopo wowote wa nyumba, chaweza kumwuliza mwanachama swali ambalo hapana aliyewauliza wazee wetu: hati ina jina la nani, na mwenzako wa ndoa amekubali?

Miaka kumi ya Chama Kikuu chetu si mingi mbele ya umri wa nyumba. Bati moja la Magomeni laweza kuwa limekaa juu ya paa muda mrefu kuliko huo. Lakini ikiwa katika miaka kumi ijayo kila chama cha msingi kitaisaidia jamaa moja tu kwa mwaka kuiandikisha nyumba yake sawasawa na kuirithisha bila ugomvi, tutakuwa tumefanya kazi ambayo mipango mikubwa kuliko sisi haikuifanya. Kila mwanachama na aanze nyumbani kwake, wakati wenye nyumba wangali hai na waweza kusema wenyewe wanachokitaka.